Ni Nani Atakayetuita Kuzika?

(Mazungumzo ya ibada yaliyotolewa katika redio)

  Leo tumechagua swali moja ambalo limetufikia zaidi ya mara moja, na kila mara limetoka kwa mtu mwingine. Ni swali la wale waliofundishwa karibuni kuongoza ibada ya maziko: wasomaji wa kanisa, wainjilisti, akina mama waliohudhuria masomo ya kuwafariji wafiwa, na vijana waliotoka chuo cha theolojia ambao bado hawajapewa parokia. Wanasema: Tumesoma. Vyeti tunavyo. Ibada ya maziko katika Kitabu cha Sala tumeishika hata twaweza kuisema bila kutazama. Lakini mtu akifa mtaani kwetu, hatuitwi. Huitwa kasisi mwenye mvi, au mhubiri mwenye vipaza sauti vikubwa, na sisi twaketi nyuma kwenye viti vya kukodi pamoja na waombolezaji. Je, mtu huipataje kazi hii? Na je, yaweza kumlisha?

Wako watakaosema kwamba ni aibu kutaja kazi na chakula mbele ya maiti. Sisi hatusemi hivyo. Seremala wa majeneza hulipwa, dereva hulipwa, mchimba kaburi hulipwa. Mtu mwenye watoto wa shule hana kosa akiuliza habari ya riziki yake. Basi hatutalikimbia swali. Ila tutaanza mbali kidogo, kisha turudi mtaani.

Fungueni kitabu cha Mwanzo, sura ya 23. Sara amekufa Hebroni. Ibrahimu amemlilia, kisha anaondoka mbele ya maiti wake na kwenda kusema na wenyeji, wana wa Hethi. Anajitaja kuwa ni mgeni kwao. Yeye aliyeahidiwa nchi nzima hana hata mahali pa kumlaza mkewe. Wanazungumza mbele ya watu, langoni pa mji, naye anapima fedha, shekeli 400, na kupewa shamba la Efroni lenye pango la Makpela. Katika nchi yote ile ya ahadi, mahali pa kwanza pa kuwa mali yake palikuwa kaburi.

Sasa njoni Mombasa. Mwezi wa Mei 1844 alifika hapa kisiwani Ludwig Krapf, mtu wa Ujerumani aliyetumwa na chama cha CMS cha Uingereza. Alikuwa amesoma katika chuo cha wamishonari cha Basel, amepewa daraja la ukasisi, na lugha alizojua zilikuwa nyingi. Kama cheti ndicho kiletacho kazi, yeye hakupungukiwa na kitu. Lakini hapakuwa na mtu hata mmoja mjini aliyekuwa akimngoja kasisi. Watu wa Mombasa walimpokea kama mgeni, na mwezi wa Juni kadhi wa mji akaanza kumsaidia kukitafsiri kwa Kiswahili kitabu cha Mwanzo, kitabu hicho hicho tulichokifungua sasa hivi. Ilipofika Julai homa iliingia nyumbani. Mke wake, Rosine, alijifungua mtoto wa kike, naye akafariki tarehe 13 Julai. Mtoto akamfuata mamaye baada ya muda mfupi. Krapf mwenyewe alikuwa hoi kwa homa. Walizikwa ng'ambo ya maji, upande wa bara, mahali wapitapo wasafiri, kama Rosine alivyotaka. Kaburi liko mpaka leo, upande wa Nyali, na ukisimama ufukoni waweza kuutazama Mji wa Kale uliovuka maji ili kumzika.

Krapf aliwaandikia wakubwa wake kule London kwamba kaburi hilo liwe kwao alama ya kazi iliyoanza upande huu wa Afrika. Sisi tunalitaja kwa sababu ndogo zaidi. Twataka kijana aliyetoka chuoni juzi aone kwamba kazi ya kuzika katika kanisa letu hapa pwani ilianzia katika nyumba ya mgeni mwenye homa, asiye na kwaya wala kamati, aliyelazimika kuwategemea majirani wa dini nyingine hata kwa mahali pa kuchimba. Chuo kitakupa maneno ya kusema. Sikio la kujua ni wakati gani wa kuyasema hutoka katika kukaa na watu wa namna hiyo.

Tuna mtu mwingine wa kuwaonyesha, naye hakuwa kasisi kabisa. Jina lake Jacob Wainwright. Alikuwa Mwafrika aliyekombolewa katika jahazi la watumwa, akapelekwa India, akasomeshwa na CMS mahali paitwapo Nasik. Baadaye aliajiriwa katika msafara wa kumpelekea msaada Daktari Livingstone. Livingstone alipofariki katika kijiji cha Chitambo, nchi iitwayo sasa Zambia, mwanzoni mwa Mei 1873, hapakuwa na kasisi wala mmishonari karibu. Watumishi wake, akina Susi na Chuma, waliutengeneza mwili ili wapate kuuchukua hadi pwani, na moyo wake wakauzika pale pale chini ya mti. Ni nani atakayesoma ibada? Alikuwapo Jacob. Alijua kusoma, na kitabu alikuwa nacho. Akasoma maneno ya maziko, kisha akachonga maandishi katika mti ule. Mwezi wa Aprili 1874, Livingstone alipozikwa katika kanisa la Westminster Abbey kule London mbele ya wakuu wa nchi, Jacob alikuwa miongoni mwa wale waliolisindikiza jeneza.

Angalieni jambo hili. Jacob hakuchaguliwa kwa cheo, kwa maana hakuwa nacho, wala hakupata daraja la ukasisi hata baadaye. Alifariki Urambo, Tanzania, mwaka 1892. Aliitwa kwa sababu alikuwapo. Alikuwa amelala katika hema zile zile, amenyeshewa na mvua ile ile, amemwona mgonjwa akidhoofika siku baada ya siku. Ilipofika saa ya kifo, wenzake hawakuhitaji kuuliza kijana huyu ni nani.

Hapo ndipo swali letu linapoanza kupata jibu, wapendwa. Wafiwa hawatafuti mtu wa kuwazikia baada ya kifo kutokea. Katika saa ile ya kwanza, wakati simu zinapigwa na akina mama wanafika mlangoni mmoja mmoja, jina la mtu wa kuombewa aje huwa limo tayari vinywani mwao. Ni yule aliyekuwa akija na kumsomea mgonjwa Zaburi, aliyemletea Meza ya Bwana au aliyemsindikiza kasisi aliyeileta, aliyejua kwamba mzee hawezi kula kitu chenye chumvi. Ikiwa mara ya kwanza ya wewe kuiona nyumba ile ni siku ya matanga, usishangae ukipewa kiti cha nyuma. Hujanyimwa kitu. Hujulikani.

Kwa hiyo ushauri wetu wa kwanza ni huu. Nenda kwa kasisi wa parokia na wazee wa kanisa, uwaonyeshe cheti chako mara moja, kisha ukiweke ndani ya sanduku. Usiombe maziko, omba orodha ya wagonjwa. Hakuna kasisi katika kisiwa hiki atakayekunyima orodha hiyo, kwa sababu karibu kila mmoja ana wagonjwa wengi kuliko siku za juma. Shika nyumba tatu au nne, za Majengo, au Tudor, au Kibokoni, uziendee kila wiki bila kukosa. Ukipata mgonjwa wa Mji wa Kale ambaye jirani zake wote ni Waislamu, jifunze kubisha hodi kwa adabu ya mtaa ule, na kuwasalimu wazee walioketi barazani kabla ya kupanda ngazi. Hao ndio watakaokuambia hali ya mgonjwa wako kwa siku usizofika.

Tena tungependa mkae kidogo mtazame jinsi majirani hao wazikavyo. Mtu akifa asubuhi Mji wa Kale, mara nyingi jua halitui kabla hajazikwa. Huoshwa na watu wake, wanaume kwa wanaume na wanawake kwa wanawake, akavikwa sanda, akaswaliwa, na jeneza likachukuliwa mabegani. Wanaume waliokuwa dukani hutoka, hutia bega hatua chache, kisha humwachia mwingine nafasi, hata kama hawakumjua marehemu. Wao husema ni faradhi ya kifaya, maana yake ni wajibu ulio juu ya watu wote, nao wakipatikana wa kuutimiza wengine huwa wametuliwa mzigo. Lakini asipopatikana hata mmoja, wote wana hatia. Hatukubaliani nao katika mambo yote ya imani, wala wao hawakubaliani nasi. Lakini ni lazima tuseme ukweli: katika jambo hili wametutangulia. Kwetu sisi maiti huweza kulala mochari wiki mbili huku tukishindana juu ya fulana za picha, na aina ya jeneza, na nani atakayetajwa katika kijitabu cha ratiba. Gharama hizo ndizo zinazowafilisi wajane wetu.

Kanisa letu la pwani lilipata kuujua wajibu wa namna hiyo. Ilipoanzishwa Frere Town mwaka 1875, wakaaji wake wengi walikuwa watu waliotolewa utumwani, waliokamatwa wakiwa watoto sehemu za mbali za bara. Wengine hawakukumbuka jina la kijiji chao wala la babu yao. Mtu kama huyo akifa, ni ukoo gani utakaokuja kukaa matanga? Mjomba ni nani? Shangazi ni nani? Kanisa ndilo lililokuwa mjomba na shangazi. Kati ya watu hao wa Frere Town na Rabai walitoka William Jones na Ishmael Semler, Waafrika waliosomeshwa Nasik kama Jacob, ambao Askofu Hannington aliwapa ushemasi mwaka 1885. Miezi michache baadaye Askofu mwenyewe aliuawa Busoga, na mifupa yake haikupata maziko ya heshima huko Namirembe hadi siku ya mwisho ya mwaka 1892. Kanisa Kuu la Mombasa, lililowekwa wakfu 1905, ni ukumbusho wake pamoja na wenzake. Wengi wetu hupita chini ya kuba lile kila Jumapili bila kukumbuka hayo.

Lakini turudi kwa yule kijana mwenye cheti, maana twaona bado anangoja.

Huenda umefundishwa ibada nzima: kupokea mwili mlangoni pa kanisa, Zaburi, masomo, mahubiri, sala, kisha kaburini, udongo kwa udongo. Ni ibada nzuri mno, na siku yake itakuja. Lakini ukiishi Mombasa utagundua kwamba maziko mengi ya watu wetu hayafanyiki Mombasa. Marehemu ni mtu wa Taita, au Ukambani, au Nyanza, au Magharibi, aliyekuja kufanya kazi bandarini au hotelini, na jamaa wanataka alale kwao. Ibada kubwa itaongozwa na kasisi wa huko, mbele ya watu wengi, chini ya mahema. Kwako wewe kinabaki nini? Nusu saa. Ni nusu saa ya alfajiri nje ya chumba cha maiti cha Hospitali Kuu ya Pwani, au uani pa hospitali nyingine, jeneza likiwa limefunguliwa upande wa uso, basi la kukodi likinguruma, dereva akitazama saa kwa sababu anataka kuvuka Makupa na kupita Mariakani kabla ya malori kujaa barabarani.

Wasomaji wapya huja kwetu wakinung'unika juu ya nusu saa hiyo. Wanaiona kama makombo. Sisi twasema kwamba hiyo ndiyo kazi yenyewe ya mhudumu wa maziko katika mji huu, na kwamba asiyeiweza hiyo hataiweza ile kubwa. Wafikirieni wanaosimama pale. Wako wenzake wa kazini ambao hawatapata ruhusa ya kusafiri. Yuko mwenye nyumba aliyempangisha miaka 11. Wako wauza samaki aliokuwa akinunua kwao, na rafiki wa Kiislamu wanaosimama kando kidogo, na wakati mwingine yuko mwanamke ambaye jamaa wa bara hawataki kumjua. Kwa hao wote, gari likiondoka, maziko yamekwisha. Hawana kaburi la kulitembelea. Watakachokuwa nacho ni nusu saa ile.

Basi iandae kuliko unavyoandaa mahubiri ya Krismasi. Fika kabla ya jamaa. Uliza jina kamili la marehemu, uliza linavyotamkwa, ulitamke kwa sauti mbele ya mtu wa kabila lake mpaka atikise kichwa. Chagua wimbo mmoja ambao kila mtu anaujua, beti mbili zatosha. Soma somo fupi. Mahubiri, ikiwa lazima, yasizidi dakika tano. Na usimhubiri marehemu kwenda peponi wala jehanamu, kwa maana hilo si lako. Waite wale wasiosafiri wapite kwanza kumwaga ndugu yao, kabla ya wanaosafiri, kwa sababu hao wengine wana safari ndefu ya kuwa naye. Mwombee dereva kwa jina lake. Hakikisha kabla hujasema Amina kwamba kuna mtu aliye na kibali cha kuzika mkononi, wala si kilichosahaulika nyumbani, maana tumeona msafara mzima ukikwama kwa karatasi moja. Hayo yote si ya mbinguni sana, lakini mfiwa atayakumbuka.

Katika mwaka 2020, wakati wa ugonjwa wa korona, Serikali iliporuhusu jamaa 15 tu kuhudhuria maziko, wengi walilalamika kwamba hayo si maziko. Wale waliozoea nusu saa ya alfajiri hawakupotea njia. Walijua tayari kwamba watu wachache, jina likitamkwa sawasawa na sala ikasemwa polepole, wanaweza kumzika mwenzao kwa heshima yote.

Liko pia jambo la nyumba zenye dini mbili, ambalo katika kisiwa hiki halikwepeki. Baba alikuwa Mwislamu, watoto wawili wamebatizwa, dada yao ameolewa Lamu. Kila upande unadai maiti. Ukiitwa hapo, usiende kama wakili wa kanisa. Sote twaikumbuka kesi ya wakili S. M. Otieno, aliyefariki Nairobi tarehe 20 Desemba 1986 na asizikwe hadi tarehe 23 Mei 1987 kule Nyalgunga, baada ya mke na ukoo kushindana katika mahakama hata ile ya Rufani. Huko mvutano ulikuwa wa ukoo na ndoa, si wa dini mbili. Lakini miezi mitano ni miezi mitano. Keti na wazee wa pande zote, uliza marehemu mwenyewe alisema nini alipokuwa hai, na kama ni Mwislamu, mwache azikwe na Waislamu, wewe ubaki na watoto wake walio wako. Kuna kazi ya kutosha hapo kwa mwaka mzima.

Sasa habari ya fedha. Tusizunguke.

Mnamkumbuka Gehazi, mtumishi wa Elisha, katika Wafalme wa Pili sura ya 5. Naamani ameponywa ukoma, Elisha amekataa zawadi zake, na Gehazi anakimbia nyuma ya gari akidai talanta na mavazi. Lile lililomharibu ni kukimbia nyuma ya gari. Ndivyo tunavyowaona baadhi ya watu siku hizi wakisimama karibu na mlango wa mochari, Biblia kwapani, wakijinadi kama makanga wa matatu: mzee, mna mchungaji? Mfiwa aliyechanganyikiwa hukubali, kisha jioni hutajiwa bei. Ndugu, usiwe mmoja wao. Hata kama njaa iko nyumbani. Jina utakalolipata pale halitakuacha, na kasisi yeyote mwenye akili hatakukabidhi kondoo wake.

Lakini hatusemi kwamba utembee kwa miguu kutoka Mtongwe hadi Tudor kwa ajili ya utakatifu. Kamati ya mazishi ikikupa nauli, pokea, ushukuru. Familia yenye uwezo ikikupa bahasha baada ya siku arobaini, pokea, na ikiwa parokia ina utaratibu wa sadaka hizo, ufuate. Usitaje kiasi, wala usihesabu mbele yao. Kwa masikini usipokee hata nauli. Mwambie mweka hazina wa kanisa, na ikiwa kanisa halina hazina ya nauli ya wahudumu wa wafiwa, hilo nalo ni jambo la kuinuliwa katika baraza la parokia, tena kwa sauti. Tunawaambia wazee wa kanisa wanaotusikiliza: hamuwezi kuwatuma watu hawa kila alfajiri kwa baraka peke yake.

Na jibu la wazi kwa yule aliyeuliza kama kazi hii itamlisha: hapana. Hapa Mombasa, kwa Mkristo wa Kianglikana asiye na parokia, kuongoza maziko hakulipi kodi ya nyumba. Afadhali ulisikie leo. Paulo alishona mahema kule Korintho pamoja na Akila na Prisila, kama tusomavyo katika Matendo sura ya 18, na hakuna aliyesema utume wake ni nusu. Shika ufundi wako. Fundisha, uza duka, endesha tuktuk. Kama mwajiri wako ni mwelewa, mwambie mapema kwamba alfajiri nyingine utachelewa. Wahudumu wazuri wa wafiwa tunaowajua katika kisiwa hiki ni watu wa namna hiyo: mwalimu mstaafu, karani wa forodha, mama mwenye kibanda cha mboga Marikiti. Hakuna aliyewatangaza. Simu zao hulia usiku.

Tumebakisha jambo moja, nalo ndilo lililotufanya tuchague swali hili leo.

Yusufu wa Arimathaya hakuitwa na mtu. Mathayo sura ya 27 inaeleza kwamba alikwenda mwenyewe kwa Pilato kuuomba mwili wa Yesu, wakati mitume walikuwa wamejificha na kuuomba mwili ule kulikuwa hatari. Aliuomba mwili ambao hapakuwa na mwanamume mwingine aliyejitokeza kuudai. Sura ile ile inasema kwamba vile vipande vya fedha vya Yuda vilinunua shamba la mfinyanzi, ili pawe mahali pa kuzika wageni. Wageni na kaburi, tena.

Katika mji wa bandari kama wetu wageni hawaishi. Yuko baharia, yuko kijana aliyetoka bara kutafuta kazi na akagongwa usiku bila kitambulisho, yuko mtoto mchanga aliyeachwa, yuko mzee wa mitaani. Miili yao hulala chumba cha maiti. Matangazo hutolewa, wasipopatikana jamaa, wakubwa wa afya hupata idhini, na miili huzikwa pamoja, mara nyingi asubuhi, na wafanyakazi wachache, bila neno. Hatuwalaumu wafanyakazi hao. Wanafanya kazi ngumu ambayo sisi hatukutaka hata kuijua. Twauliza tu: wale waliosema hawaitwi, wako wapi asubuhi hiyo?

Mnaposema hakuna maziko ya kuongoza, haya yapo. Hayana kamati wala bahasha, wala mtu atakayelalamika kwamba mhudumu ni mpya. Hayahitaji uwe maarufu. Yanahitaji barua ya kasisi wako kwa wakubwa wa afya wa kaunti, kuomba kwamba kanisa lijulishwe siku ya kuzika, na watu wawili au watatu wa kwenda na kitabu. Nendeni pamoja na imamu mmoja, ikiwezekana, maana hatujui waliolala pale walimwomba Mungu namna gani. Someni Zaburi; naye asome yake. Kama hakuna jina, semeni ni mwanamume, au mwanamke, au mtoto, na mahali alipookotwa. Kuna waliokwisha kuona jinsi mji huu unavyoweza kupata maiti wengi kuliko wahudumu kwa siku moja: tarehe 29 Aprili 1994, feri ya Mtongwe ilipopinduka na watu zaidi ya 270 wakafa, hapakuwa na kasisi ambaye angeweza kuwa katika kila matanga yaliyokaliwa juma lile. Siku za namna hiyo hazitangazi zinakuja. Itakuwa heri watu walio tayari wakijulikana kabla.

Ofisi ya parokia yako hufunguliwa kesho. Yeyote anayetaka kwenda katika kazi hii ya wasiodaiwa na mtu, amwendee kasisi wake wiki hii na aliandikishe jina lake. Na makasisi wanaotusikiliza, tafadhali msiyaache majina hayo mezani.

Tuombe. Ee Bwana Yesu, uliyelazwa katika kaburi la mtu mwingine, uwakumbuke watakaosimama kesho alfajiri nje ya chumba cha maiti, na dereva atakayewapeleka, na mwanamke yule atakayesimama mbali. Uwakumbuke wasiojulikana jina ila kwako. Uwape nguvu ya miguu na utulivu wa sauti wale watakaokwenda kuwasomea. Amina.